Msaidizi wa mbunifu wa taa: kazi ninayojifunza Amu

Kwetu Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu), watu wakisikia nimepata kazi ya taa za jukwaani huniuliza kama naweza kupita kwao kuwatazamia soketi inayorusha cheche. Nawaelewa. Fundi wa stima wanamjua, mwenye kukodisha taa za harusi wanamjua pia, lakini mbunifu wa taa za michezo ya kuigiza hawajawahi kukaa naye barazani, sembuse msaidizi wake. Ndiyo maana nimeamua kuieleza kazi hii kwa urefu, hasa kwa vijana wa Amu na Malindi wanaotaka kujua inaanzia wapi.

Inaanzia kwenye karatasi. Nalisema mapema kwa sababu wengi wetu huvutwa na taa zenyewe, rangi zake, ule moshi unaopasuliwa na miale, na tunadhani siku ya kwanza tutakabidhiwa deski la kuongozea taa tuanze kubonyeza. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia mwalimu wangu, mama wa Mombasa ambaye kikundi kizima humwita Mwalimu, akaitikia marahaba, akanipa penseli, kifutio na rula ya vipimo. Spana aliniambia itakuja yenyewe.

Mbunifu wa taa ndiye anayeamua mtazamaji aone nini, kutoka upande gani, kwa rangi gani na kwa muda gani. Husoma igizo, hukaa na mwongozaji, huangalia mavazi yanavyoshonwa, kisha huchora ramani ya jukwaa inayoonyesha kila taa inakaa wapi na inamulika wapi. Mafundi huzifunga taa. Mwendeshaji hukaa kwenye deski. Msaidizi hana taa iliyo yake wala swichi anayoibonyeza. Kilicho mikononi mwake ni kumbukumbu ya kazi nzima.

Na kumbukumbu hiyo ina uzito. Mchoraji akiondoka, picha yake inabaki ukutani. Mshonaji akiondoka, kanzu ipo. Taa ikizimwa jukwaani hapabaki chochote. Alichokitengeneza mbunifu kwa wiki nzima kimo kwenye faili la deski na kwenye makaratasi ya msaidizi, na faili likipotea, kimo kwenye makaratasi peke yake. Kwa hiyo kuna ile ramani, iliyochorwa kwa kipimo, kwa mfano 1 kwa 50, ambapo sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ukumbi. Kuna jedwali la taa: namba ya kila taa, mahali pake, aina yake, wati zake, karatasi ya rangi iliyowekwa mbele yake, chaneli (njia ya deski) inayoiongoza na kazi yake kwenye igizo. Kuna orodha ya kyuu, yaani kila badiliko la mwanga, linaitwa kwenye neno gani la mwigizaji na linachukua sekunde ngapi. Na kuna daftari la maagizo kwa mafundi, ambalo hujazwa usiku na kufutwa mstari mmoja mmoja asubuhi. Mwalimu akibadilisha kitu kimoja, ninabadilisha pote. Taa ikihama kwenye ramani bila kuhama kwenye jedwali, kuna fundi atakayepanda ngazi kutafuta taa isiyokuwepo.

Zamani karatasi zilibeba mzigo mkubwa zaidi. Kabla ya deski zenye kumbukumbu, kila kiwango cha kila dima, yaani kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga, kiliandikwa kwa mkono, na waendeshaji kadhaa walisukuma vishikio kwa kufuata maandishi hayo. Mbunifu Tharon Musser wa Marekani ndiye aliyelitumia deski la kompyuta kwa mara ya kwanza katika onyesho la Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1975. Jean Rosenthal, aliyezaliwa 1912 na ambaye ni mmoja wa watu walioifanya kazi hii itambulike kama taaluma, alianza akiwa msaidizi wa kiufundi wa mcheza dansi Martha Graham. Huwa nampenda Rosenthal kwa sababu hiyo: alianzia mahali nilipo mimi.

Sasa nije kwenye igizo letu. Lilikuwa linaonyeshwa uani mwa Ngome ya Amu, jengo lililomalizwa 1821 na ambalo lilikuwa jela hadi 1984. Ni mahali pazuri mno kwa igizo na pagumu mno kwa taa. Ua hauna dari, kwa hiyo hakuna mahali pa kuning'iniza. Ukuta ni wa kale, msumari haupigwi. Taa zinasimama kwenye stendi zilizozuiwa kwa viroba vya mchanga, na chache huwekwa juu, kwenye kipito kinachozunguka ua.

Vifaa vyenyewe vilitoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, vikavuka kwa boti, vikapokewa gatini na mahamali wenye mikokoteni. Huku njia nyingi hazipiti gari, na sanduku lenye dima ni zito. Orodha ya safari hiyo ilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini msaidizi mzuri huhesabu hata tepu. Karatasi ya rangi ikisahaulika Mombasa, hapa Amu hakuna duka la kuinunua. Balbu ya halojeni, ile ya joto kali, ya wati 1,000 ikipasuka njiani, ya akiba iwe sandukuni au taa hiyo imekufa kwa msimu mzima.

Kisha stima. Volti zetu ni 240 na plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Taa ya PAR, ile ya umbo la kopo, ya wati 1,000 inakula ampea 4 na kidogo. Tatu kwenye waya mmoja zinafika ampea 12 na nusu, ya nne inavuka kiwango cha fyuzi. Hesabu hii ni ya darasa la saba, lakini inabidi ifanywe kwa kila waya, iandikwe, na apewe fundi wa stima kabla hajaanza kazi. Fundi wetu ni mtu mzima wa hapa Amu, na aliponiona na jedwali langu alilisoma lote kimya, kisha akanionyesha soketi mbili ambazo kwenye ramani zilionekana mbali lakini ndani ya ukuta zinatoka waya mmoja. Hilo hakuna programu ingenionyesha. Nililiandika pale pale.

Kuna sababu nyingine ya karatasi kuwa na nguvu zaidi kwetu kuliko kwenye ukumbi uliofungwa. Uwanja wazi hauonyeshi taa mchana. Hata ukiwasha zote, jua la Amu linazimeza. Giza linaanza baada ya Magharibi, na huku karibu na ikweta jioni ni fupi, linaingia kwa haraka. Watu wanakwenda kusali, wanarudi, Isha inaingia, wanakwenda tena. Zikishapita sala, mbunifu ana saa chache tu za kuona kazi yake kabla majirani hawajataka kulala. Hawezi kuzitumia kutafuta taa namba 17 iko chaneli gani. Mchana wote ninautumia kuandaa usiku: kubandika namba kwenye nyaya, kuchora chaki pale waigizaji wanaposimama, kupanga taa zitalengwa kwa mfuatano gani ili ngazi isizunguke ua mara mbili.

Kulenga ndiyo sehemu ninayoipenda kupita zote. Mtu mmoja husimama jukwaani mahali pa mwigizaji, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Fundi yuko ngazini na glovu zake, Mwalimu yuko chini akitazama. Unaipa taa mgongo, unatazama kivuli chako sakafuni. “Vuta kwako. Shusha. Shusha tena. Hapo, funga.” Kila mwanga una kiini, pale panapowaka zaidi, na taa za halojeni unakisikia kwa joto shavuni ukigeuka. Kiini kinatakiwa usoni mwa mwigizaji. Yule anayecheza nahodha ni mrefu kunishinda, kwa hiyo huinua kiganja juu ya kichwa changu, na Mwalimu hulenga kiganja. Taa ikishafungwa, ninaandika: inakata wapi kushoto, inakata wapi kulia, makali yake ni laini au yamekazwa. Upepo wa kusi ukiisogeza usiku, kesho yake tunairudisha kwa maandishi hayo.

Mwaka 1932 Stanley McCandless, aliyekuwa akifundisha chuo cha Yale, alichapisha njia yake ya kumulika jukwaa: uligawe katika maeneo, na kila eneo ulipe taa mbili za mbele, moja kila upande, kwa pembe ya digrii 45 pembeni na 45 kwenda juu, moja ya rangi ya joto na nyingine ya rangi ya ubaridi. Uso unapata umbo kwa sababu mashavu mawili hayafanani. Kila anayeanza hufundishwa hivyo, na Mwalimu naye alinifundisha. Kisha akanionyesha inapopwaya. Njia hiyo ni ya ukumbi wenye dari ya kufungia taa mbele, na inakwenda vizuri kama nguo na ngozi havipishani sana kwa mwangaza.

Kwetu vinapishana. Mwigizaji wetu mkuu ni mweusi, amevaa kanzu nyeupe, na nyuma yake kuna ukuta uliopakwa chokaa. Ukimmulika kutoka mbele, kanzu inawaka, ukuta unawaka, na jicho la mtazamaji linajifunga kwa ule weupe mwingi. Uso unaonekana kama umezimwa ilhali taa inaupiga sawasawa. Anayeanza huongeza taa, na kila akiongeza, kanzu inazidi kuwaka. Dawa ni kupunguza. Mwalimu alishusha taa za mbele, akaleta taa za pembeni za usawa wa kichwa, akazikata kwa milango yake ya bati zisimwagike ukutani, kisha akaweka moja nyuma, juu, ichore mstari wa bega na kofia. Ngozi nyeusi ina mng'aro wake, na mng'aro huo huonekana mwanga ukija kwa pembeni. Uso ulitoka. Nilikuwa nimesimama safu ya mwisho na niliona paji, pua, na mfupa wa shavu wa mtu ninayemjua tangu madrasa kana kwamba sijawahi kumtazama.

Kanzu nayo ilishughulikiwa. Dada wa mavazi aliichovya kwenye chai ya rangi, akaikausha, na ikatoka na weupe uliotulia ambao machoni mwa watazamaji bado ni nyeupe kabisa. Ni hila ya zamani ya maonyesho duniani kote, na nadhani kila mbunifu wa pwani yetu angeijua kabla ya kuijua chapa yoyote ya taa.

Kuhusu rangi nina maoni makali. Taa za LED za bei nafuu zimejaa kwenye harusi na hoteli, zile za nyekundu, kijani na buluu peke yake. Zinapaka ukuta vizuri sana. Lakini zinaharibu nyuso. Ukichanganya rangi hizo tatu ili upate nyeupe, ngozi nyeusi inakuwa kijivu, kama ya mtu aliyepauka kwa ugonjwa, kwa sababu mwanga huo una mapengo katikati ya rangi zake. LED zenye kaharabu (manjano ya asali) au nyeupe ya ziada zinaufaa uso zaidi. Sisi nyuso tuliziwekea halojeni, ambayo joto la rangi yake ni kelvini 3,200 hivi, yaani nyeupe inayoelekea manjano, na LED tukazipeleka ukutani na angani. Ninawaomba wenye kumbi wafanye hivyo hivyo kama hawana fedha za kununua taa bora zaidi.

Kanga zilinifundisha jambo jingine. Nilitumwa na furushi la kanga za igizo kwenye chumba chenye giza, nizipitishe moja moja chini ya kila rangi iliyokuwa kwenye jedwali. Kanga nyekundu yenye pindo nyeupe, chini ya buluu ya usiku, nyekundu yake inakufa, inakuwa nyeusi, na pindo linabaki likielea peke yake. Kanga ya manjano chini ya buluu hiyo hiyo inakuwa tope. Niliandika yote, jina la kanga kwa kanga. Sehemu ya usiku ya mama anayemsubiri mumewe arudi kutoka baharini ilikuwa imepangiwa ile kanga nyekundu. Mwalimu alisoma maandishi yangu, akaenda kwa mwongozaji, wakazibadilisha nafasi kanga mbili kati ya sehemu mbili za igizo, na buluu ikabaki.

Usiku wa mazoezi ya wazi tuliwaalika majirani. Bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani alikaa mbele kabisa na wajukuu. Baadaye, nilipokuwa nikikunja nyaya, aliniita. “Mwanangu, maneno nimeyasikia, lakini mato yake siyaoni.” Nilimpelekea Mwalimu neno kwa neno. Akarudi akaketi kwenye kiti kile kile cha bibi, tukawasha taa, tukamsimamisha mwigizaji. Taa za kwenye kipito cha juu zilikuwa karibu mno na jukwaa, kwa hiyo zilikuwa zinashuka wima, na nyusi zilitia macho kivuli. Kutoka meza ya mbunifu, mbali na juu kidogo, hayo hayakuonekana. Usiku ule ule tulileta stendi mbili fupi, tukaweka taa hafifu za mbele kwa pembe ya chini, kiasi cha kufikia macho bila kuamsha ukuta. Tangu hapo, kabla ya kila onyesho, ninakaa safu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na ninaandika ninachokiona katika kila moja.

Upande wa waya za data nitapita haraka, maana mafunzo yake yapo kwa wingi. Lugha ambayo deski huzungumza na taa ni DMX512, iliyotoka Marekani mwaka 1986. Laini moja ina chaneli 512. Taa ya LED inayotumia chaneli 6 ikianza 1, inayofuata inaanza 7, ya tatu 13. Taa ya mwisho kwenye laini huwekewa kizibo cha omu 120 cha kuzuia ishara isirudi nyuma, la sivyo taa zinaweza kuanza kupepesa bila amri. Nyaya zote tulizikagua kwa sababu ya chumvi ya bahari. Vichwa vya plagi hapa hushika kutu haraka.

Kwenye usalama sitapita haraka. Tarehe 30 Desemba 1903, huko Chicago, taa ya jukwaani ya ukumbi wa Iroquois ilirusha cheche zikashika pazia, na zaidi ya watu 600 wakafa. Ukumbi ulikuwa mpya. Kila taa yetu ina mnyororo wake wa pili hata kama kishikio kimekazwa, spana imefungwa kamba mkononi mwa fundi, hakuna anayepita chini ya ngazi, na kitambaa hakisogei karibu na halojeni. Upepo ukizidi, taa za stendi ndefu zinashushwa hata kama watu wameshaketi. Msaidizi ana haki ya kusema “simama” na kila mtu akasimama. Ni amri ya pekee niliyo nayo.

Mengine yote ni adabu ya kazi. Wakati wa mazoezi ya taa ninakaa kulia kwa Mwalimu, yeye anatazama jukwaa, mimi natazama karatasi, ili asilazimike kuinamisha macho. Akisema “kumi na nne imechelewa,” yaani kyuu namba hiyo, naandika. Maoni yangu nayasema akiuliza, tukiwa wawili, na mwigizaji simwambii neno hata kama amesimama nje ya mwanga. Hilo linapitia kwa msimamizi wa jukwaa. Msimamizi ndiye anayeita kyuu kwenye redio: “Taa kumi na nne, tayari.” Kisha, “Taa kumi na nne, twende.” Neno la mwisho ndilo linalomfanya mwendeshaji abonyeze, kwa hiyo hakuna anayelitamka redioni kwa jambo jingine lolote, hata kama chai imefika.

Malipo huja kwa onyesho, na kuna miezi mitupu. Mimi nafanya pia kazi ya kuandaa hesabu za duka la mjomba, na lahajedwali nilizojifunzia dukani ndizo ninazozitumia kwenye jedwali la taa. Kijana anayetaka kuanza asisubiri deski. Tamasha za maigizo za shule zinahitaji mikono kila mwaka, na mwalimu wa maigizo hatamkataa mtu anayejua kukunja waya vizuri. Ajifunze kuchora kwa kipimo. Apite vichochoro vya Mkomani saa nne asubuhi, kisha saa kumi jioni, aandike jua linaingilia wapi, linagonga ukuta gani, na uso wa mtu anayesimama mlangoni unapata mwanga wa moja kwa moja au ule uliorudishwa na chokaa. Hiyo chokaa, kwa wanaopenda historia, iliwahi kuwa taa yenyewe: mwaka 1837 ukumbi wa Covent Garden huko London ulimulikwa kwa donge la chokaa lililochomwa kwa mwali wa oksijeni na hidrojeni mpaka likang'aa kwa weupe. Sisi tumekuwa tukichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea tangu mababu.

Igizo letu sasa linashuka Malindi, kwenye ukumbi wenye dari, na ramani yote inachorwa upya kwa sababu pembe zimebadilika. Taa iliyokuwa mita 4 kutoka kwa mwigizaji itakuwa mita 8, na kwa umbali huo inampa robo tu ya mwanga iliokuwa ikimpa. Nimeshaenda kupima. Natafuta mtu wa kusimama jukwaani wakati wa kulenga, mrefu kunishinda, mwenye viatu vinavyofunika vidole, na ambaye nyumbani kwao wanajua kwamba atarudi usiku wa manane.